Ng'ombe Huyo Alikuwa wa Rangi Gani

Jumatatu, 17 Machi 2025. Nyakatuntu. Asubuhi manyunyu, ukungu mpaka saa tatu. Kipimo cha mvua: milimita nne.

Barua ya kwanza kwa Mwebesa tangu nimwache wodini Mwanza. Nainakili hapa kabla ya kumpa Methodius, kondakta wa basi. Majibu nitayabandika kwenye kurasa zinazofuata.

Mdogo wangu Mwebesa,

Nimefika jana jioni, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi. Mama ana malaria, ndiyo maana waliniita. Anameza dawa. Baba hajambo. Ng'ombe wote wapo, ila yule mweusi mwenye pembe moja amekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Baba anasema umemdekeza.

Nisamehe kwa kukuacha kitandani. Prudensia ameniahidi atakuosha na kukugeuza kama anavyomfanyia mumewe, maana kitanda chake kimepakana na chako. Uji anaokuletea unywe wote, hata kama ni wa Kingara, wa kwao, na hauna sukari. Tangu waibe simu yako naona heri barua. Simu ya Baba unaijua, anaiweka sauti juu mpaka mbwa wa jirani wanajibu.

Niandikie daktari atakachosema kuhusu upasuaji.

Dada yako,
Kokugonza

Ambayo sikumwandikia: Mama hana malaria. Ni ini, na zahanati wamemrudisha nyumbani. Nilimwambia Baba tusimweleze Mwebesa mpaka apasuliwe, asije akakata tamaa. Baba alinyamaza. Najua Baba akinyamaza maana yake ni nini. Nimejifanya sijui.

*

Mwanza, Jumamosi, 22 Machi 2025

Dada Kokugonza, shikamoo.

Pole na safari. Huyo mweusi mwambieni nakuja, asiwe na jeuri.

Daktari alinijia Alhamisi na wanafunzi wake sita, akaweka picha yangu kwenye taa. Ile TB imekula pingili mbili za uti wa mgongo, zimebaki kama muhogo uliotobolewa na panya. Mgongo unainama pale na kubana mishipa, ndiyo maana miguu inakufa ganzi. Watasafisha uozo, wataweka vyuma viwili na skrubu, kisha pale penye shimo watapandikiza mfupa.

Nikamwuliza, kama kuna vyuma, mfupa wa nini? Akasema vyuma ni kama ile miti tunayoegemezea mgomba wenye mkungu. Vinashikilia tu. Mfupa uliopandikizwa ndio unaopaswa kushikana na wa juu na wa chini, ziwe pingili moja. Usiposhikana, vyuma vitachoka na skrubu zitang'oka, na hapo miguu ndiyo basi.

Sasa mfupa wenyewe. Ulio bora ni wangu mwenyewe, wanaukwangua nyongani. Ila nyonga yangu imekonda kwa ugonjwa, hautatosha kujaza shimo. Wenzetu wa ng'ambo wana mifupa ya marehemu kwenye majokofu, hapa haipo. Upo unaotengenezwa kiwandani, umekwisha, hawajui utaletwa lini. Kilichopo ni cha kuchanganya na wangu: punje nyeupe kwenye kichupa, kama chenga za mchele. Akanitikisia nisikie. Dada, ni mfupa wa ng'ombe. Wameuchoma na kuusafisha mpaka nyama na mafuta yote yameisha, imebaki ile chokaa yake.

Nikamwuliza, ng'ombe huyo alikuwa wa rangi gani?

Wanafunzi wakacheka. Mmoja akasema, "Kaka, unataka kumnunua?" Daktari hakucheka, akaniuliza kwa nini nauliza. Nikamweleza kwamba kwa ukoo wetu ng'ombe wa mistari ni muziro. Hatuli nyama yake, hatunywi maziwa yake, hatukalii ngozi yake, na ndama wa namna hiyo akizaliwa kwetu tunampa mtu wa ukoo mwingine kabla hajakauka. Akaandika kwenye karatasi. Akasema kampuni haiandiki rangi kwenye kichupa, na hakuna wa kumwuliza. Uamuzi ni wangu, lakini yeye kama yeye angeutia.

Dada, mimi sijui. Kula ni siku moja, kesho umekitoa. Hiki kitakaa ndani yangu mpaka nizikwe nacho. Msomee Baba barua hii. Akisema nitiwe, nitatiwa. Akikataa, unamfahamu, hatasema hapana. Nilipotaka kumwoa Kembabazi alinyamaza miezi miwili mpaka nikaelewa mwenyewe. Basi nami akinyamaza nitaelewa.

Upasuaji ni Alhamisi tarehe 10 Aprili. Jambo hili usilipigie simu ya Prudensia. Ni mambo ya ukoo, na yeye ana masikio.

Msalimie Mama.

Mwebesa

*

Ijumaa, 28 Machi 2025. Nyakatuntu. Mvua kubwa tangu saa kumi alfajiri, ikakatika saa mbili. Milimita thelathini na moja.

Mdogo wangu Mwebesa,

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimsomea Baba jioni ileile, yote, hata pale pa chenga za mchele. Bado hajasema. Nitakuandikia akisema.

Mama hana homa tena. Hapa nyumbani kuna wageni wengi na kazi ya kupika ni kubwa, ndiyo maana barua ni fupi.

Kula, hata kama huna hamu. Mfupa haushikani kwa mtu mwenye njaa.

Dada yako,
Kokugonza

Ambayo sikumwandikia: Jumanne jioni nilisoma barua nikiwa nimekaa kitandani kwa Mama. Baba alikuwa mlangoni. Nilipomaliza alisema, "Nipe usiku huu nifikiri." Mama alifariki saa kumi na moja alfajiri. Jana tumemzika nyuma ya nyumba, upande wa migomba.

Kwetu aliyefiwa na mkewe haamui jambo lolote la ukoo mpaka matanga yaondolewe. Hauzi ng'ombe, hapokei posa, hajibu swali kama la Mwebesa. Matanga yataondolewa Jumapili tarehe 6. Nimehesabu: Jumapili Baba anasema, Jumatatu naandika, Jumanne Methodius anapeleka, Jumatano Mwebesa anasoma, Alhamisi anapasuliwa. Siku zinatosha, ingawa hakuna hata moja inayobaki.

*

Mwanza, Jumatano, 2 Aprili 2025

Dada, shikamoo.

Nimepata barua yako. Umeandika "bado hajasema", na tangu ilipoandikwa siku tano zimepita. Nimeelewa. Usimsumbue Baba, usimfanye aseme asichotaka. Nitamwambia daktari atumie wa kwangu peke yake, na mungu wa nyonga anisaidie.

Mumewe Prudensia, Mzee Niyonkuru, anasema mimi mjinga. Anasema kama ni yeye angetiwa hata mfupa wa fisi mradi afike chooni kwa miguu yake. Nikamwambia, mzee, wewe usiku unakoroma kama fisi, labda walishakutia. Alicheka mpaka mkewe akaja kumshika mshono.

Nashukuru Mama amepona. Nisalimie hao wageni, najua wamekuja kumwona yeye. Nina ombi moja. Mama hajui kuandika, lakini mwambie apake wino aweke dole gumba chini ya barua yako ijayo. Nitaingia nalo chumba cha upasuaji mkononi. Usinicheke.

Mwebesa

*

Jumanne, 8 Aprili 2025. Nyakatuntu. Anga safi, umande mzito. Kipimo kikavu.

Mdogo wangu Mwebesa,

Baba amesema. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyatoa jana asubuhi, akiwa zizini: "Muziro wetu ni wa rangi. Mfupa una rangi gani? Mwambie atiwe. Kama kuna kosa, ni langu mimi niliyesema." Soma mara mbili, kisha mpelekee daktari. Hakuwa anakataa. Alikuwa na mambo mengi.

Nimemwambia Methodius barua hii isikae kwenye gari hata saa moja.

Dole la Mama hili hapa chini.

Dada yako,
Kokugonza

Ambayo sikumwandikia: Dole ni langu. Nilitumia wino wa mhuri wa ofisi ya kijiji. Mtendaji aliniuliza ni la nini, nikasema la hati ya shamba.

Barua yake ya tarehe 2 ilinifikia Ijumaa jioni, watu wakiwa bado wamejaa uani. Niliposoma "nimeelewa" nilichukua simu. Namba ya Prudensia ninayo. Ningeweza kumwambia kwa dakika moja kwamba Baba hakukataa, asubiri. Lakini angesema, "Nipe Mama nimsikie." Nilisimama nyuma ya jiko na simu mkononi mpaka taa yake ikazima. Nikasema siku zinatosha.

*

Mwanza, Jumatatu, 14 Aprili 2025

Dada, shikamoo.

Naandika nimelalia ubavu, mwandiko utausamehe. Wamenipasua Jumatatu iliyopita, tarehe 7. Mgonjwa aliyekuwa na zamu hiyo alipanda presha, daktari akasema nafasi isipotee, akaniingiza mimi. Barua yako ililetwa Jumatano. Prudensia alinisomea, maana sikuweza kuinua kichwa.

Walitumia wa kwangu tu, kama nilivyomwambia. Wamekwangua nyonga zote mbili. Daktari anasema umejaza kama nusu ya shimo. Nilipomwonyesha maneno ya Baba aliyasoma, akakunja karatasi vizuri akanirudishia. Akasema, "Tusubiri tuone."

Sasa sikiliza. Baba usimwambie kwamba neno lake lilichelewa. Amelitoa kwa shida, naona kwa ulivyoandika, na namjua yeye. Mwambie nimetiwa. Mfupa ukishika, hakuna atakayeuliza ni wa nani.

Dole nimelipata. Nimeliweka ndani ya kadi yangu ya dawa.

Mwebesa

*

Jumapili, 8 Juni 2025. Nyakatuntu. Kiangazi kimeanza, vumbi, upepo kutoka upande wa mto. Kipimo kikavu siku ya kumi na tatu.

Mdogo wangu Mwebesa,

Nimefurahi kusikia masista wamekupa kitanda kwenye hosteli yao ya wagonjwa, na kwamba unakaa kwenye kiti nusu saa. Dawa za TB usiruke hata siku moja.

Baba nilimwambia kama ulivyotaka. Sasa ni shida nyingine. Kila akienda mnada wa Nkwenda anawahadithia wachuuzi kwamba mwanawe ana ng'ombe mgongoni. Wanamtania: "Mzee Gaudiosus, huyo hesabu yake unaiweka zizini au nyumbani?" Naye anajibu kwamba huyo halipiwi josho. Sijamwona akitaniana na watu tangu Machi.

Mama anakusalimu.

Dada yako,
Kokugonza

Ambayo sikumwandikia: Kaburi limeanza kudidimia upande wa miguu. Baba ameongeza udongo. Nilipoandika "anakusalimu" kalamu haikusita. Zamani ilikuwa inasita.

*

Mwanza, Ijumaa, 19 Septemba 2025

Dada yangu Kokugonza, shikamoo.

Kaa chini kwanza. Nimepigwa picha Jumanne. Mfupa haukushikana. Ule niliopandikizwa umeyeyuka karibu wote, umebaki kama ukungu kwenye kioo. Skrubu mbili za juu zimeng'oka na chuma kimoja kimepinda. Mgongo umeinama zaidi ya ulivyokuwa mwanzo. Wewe uliniacha nikisukuma vidole vya miguu. Sasa sivisikii. Mkojo nao nahitaji mpira.

Nilimwuliza daktari kama tunaweza kurudia na zile chenga. Alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo huwa hafanyi. Akasema nyonga hazina tena cha kukwangua, mifupa ya kushikia skrubu imekuwa laini, na kifua changu hakitavumilia usingizi wa dawa mara ya pili. Nikamwuliza, zingetiwa tangu mwanzo ingekuwaje? Akasema hakuna anayejua. Angeweza kunidanganya upande wowote, hakunidanganya, namshukuru.

Wananirudisha nyumbani Jumamosi ijayo, tarehe 27, na gari la parokia.

Jambo la pili. Mama alikatwa na kisu cha kumenyea ndizi kabla sijazaliwa, dole gumba la kulia limegawanyika katikati kwa kovu. Wewe mwenyewe ulinionyesha nilipokuwa mdogo, ukaniambia ni njia ya siafu. Dole ulilonitumia halina njia. Nililitazama siku tatu, nikiwa nimelala kifudifudi. Kisha nikapanga siku: wageni wengi, Baba hajasema, halafu amesema zizini siku moja baada ya Jumapili. Nikaona matanga, na kwamba ni ya Mama. Nikaona pia kwamba Baba hakuwahi kukataa.

Sikukuandikia, kwa sababu ulikuwa unajitahidi sana. Kila barua nilisema safari hii ataniambia. Dada, sina hasira na wewe. Ila zile salamu za Mama za Juni zilinichosha.

Niwekee kitanda chumba cha mbele, kile chenye dirisha la zizini. Usipike chochote. Usiite watu.

Mwebesa

*

Jumapili, 28 Septemba 2025. Nyakatuntu. Mawingu tangu alfajiri, ngurumo mbali upande wa Igurwa, mvua hakuna. Kipimo kikavu.

Leo hakuna barua ya kunakili. Aliyekuwa akiandikiwa amelala chumba cha mbele.

Gari la parokia lilifika jana saa kumi jioni. Wanaume wanne walimbeba kwenye godoro. Ni mwepesi, wawili wangetosha. Alipopitishwa ukumbini aliangalia kiti cha Mama, kisha akaangalia dari. Nilimwambia, "Nisamehe." Akasema, "Baadaye, dada. Kwanza nigeuze, nimelalia mkono."

Baba aliingia baada ya kukamua. Alivua kofia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaingiza mkono chini ya shati la Mwebesa akaugusa mgongo pale palipochomoza. Aliupapasa kama anavyopapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Kisha akauliza:

"Wa ng'ombe umekataa?"

Mwebesa alinitazama. Nilitikisa kichwa, asiseme. Akasema, "Ndiyo Baba. Umekataa."

Baba akatoa mkono. "Alikuwa wa mistari," alisema. "Nilijua. Niliposema atiwe, nilijua. Nikajidai mwerevu kwa habari ya rangi."

Hapo nilisema. Nilisema yote kwa mfululizo, nimesimama, kama mtu anayesoma. Kwamba hakutiwa mfupa wa ng'ombe wowote. Kwamba neno lake lilifika siku mbili baada ya upasuaji. Kwamba lingefika mapema kama ningepiga simu, na sikupiga kwa sababu nilikuwa nimeficha kifo cha Mama, na kwamba kukificha lilikuwa wazo langu na yeye alilikataa kwa kunyamaza.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Umesoma vizuri, mwanangu. Tangu utoto unasoma vizuri."

"Baba, ni kweli. Nina barua."

"Leta."

Nilileta daftari hili. Nilimsomea barua ya tarehe 14 Aprili, ile isemayo walitumia wa kwangu tu. Alikuwa anatazama karatasi, si mimi. Baba hajui kusoma. Nilipomaliza alisema, "Barua ya mwezi wa nne uliponisomea mara ya kwanza ilisema ametiwa."

"Nilikudanganya."

"Sasa unanifariji."

"Mwulize Mwebesa."

"Mwebesa ameshajibu."

Mwebesa alisema, "Baba, dada anasema kweli." Baba alimtazama kwa huruma, akamfunika shuka hadi kifuani. "Nyote wawili ni watoto wazuri," alisema. "Mama yenu aliwalea vizuri."

Asubuhi hii hakwenda kanisani na hakukamua. Ameniambia kuanzia leo hatakunywa maziwa ya zizi lake wala kushika kamba ya ng'ombe, maana mtu aliyeruhusu muziro kuingia mwilini mwa mwanawe hana haki nao. Ng'ombe atawakabidhi kwa watoto wa mdogo wake huko Igurwa, watakuja kuwachukua wiki hii. Nikamwomba amwite padri au mwalimu wa shule amsomee barua. Akasema, "Nao watanisomea kama wewe. Watu hapa wana roho nzuri."

Mchana nilimwosha Mwebesa. Ana kidonda kipya matakoni, upana wa kifuniko cha chupa. Nimekisafisha kwa maji ya chumvi nikafunga. Nimemgeuza saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Aliniuliza kama yule mweusi wa pembe moja naye ataondoka. Nikasema ndiyo. Sikuwa na sababu ya kusema vingine. Aliomba kitanda kisogezwe karibu na dirisha amwone, tukasogeza. Ng'ombe alikuwa amelala mgongo ukituelekea. Tulimwita, hakugeuka.

Baba amekaa nje kwenye kigoda, upande wa kaburi. Sufuria ya maziwa ya jana jioni ipo jikoni, hakuna aliyeigusa. Nimeifunika.

Nimemgeuza tena saa mbili na saa nne usiku. Nalala sasa, saa tano kasorobo.